Kubahatisha spea, kukata nusu au kuuliza "kwa nini": njia ipi ya kutafuta hitilafu inakufaa?

Mashine ya mtumbwi ikianza kuzimazima, ushauri haukosekani mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa. Wa kwanza atasema plagi. Wa pili atasema kabureta. Wa tatu atalaumu mafuta ya kwenye chupa, na wa nne ameshafungua kifuniko cha injini kabla hujamaliza kueleza. Kila mmoja ana sababu yake, na pengine kila mmoja aliwahi kupatia siku fulani. Ila hakuna aliyeuliza swali linalotangulia: hii hitilafu tutaitafutaje?

Hapa nalinganisha njia za kutafuta, silinganishi spea. Nawalenga watu wa huku kwetu Mwanza, kando ya Ziwa Victoria: mwenye mtumbwi Igombe au Kayenze, mama mwenye friza ya samaki Kirumba, kijana anayefunga sola Ukerewe, mwenye pampu ya kuvuta maji ya bustani pembezoni mwa ziwa. Njia zenyewe ni za dunia nzima, nyingine zimezaliwa viwandani Japani, lakini zinafanya kazi vilevile kwenye mtumbwi wa dagaa. Nina upendeleo wangu na utauona mapema.

Kabla ya kuchagua, jiulize mambo matatu. Je, hitilafu ipo sasa hivi, au inakuja na kuondoka? Kupima kunakula muda na fedha kiasi gani ukilinganisha na kubadilisha tu? Na je, unatafuta kifaa kilichokufa, au unatafuta kilichokiua? Majibu yakiwa tofauti, njia nayo ni tofauti. Ndiyo maana fundi hodari wa friza anaweza kukwama kabisa kwenye mashine ya mtumbwi: ameleta njia yake ya kila siku kwenye tatizo la aina nyingine.

Kubahatisha na kukata nusu

Tuanze na njia inayotumika kuliko zote. Unabadilisha plagi, haijapona. Unabadilisha kabureta, haijapona. Unabadilisha pampu ya mafuta, imepona! Umelipa spea tatu, na bado hujui kama iliyoponya ni pampu au ni ule mpira uliokaa sawa wakati unafungafunga. Ni sawa na kumeza dawa ya malaria kila ukipata homa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe, na siku hizi hata zahanati ya kijijini inakutoboa kidole kabla ya kukupa vidonge. Kwenye injini bado tunameza tu.

Hata hivyo kubahatisha kuna mahali pake. Fyuzi ni bei ndogo na kuibadilisha ni suala la sekunde, kwa hiyo kutafuta mita ili uipime ni kupoteza muda. Plagi ya akiba nayo ni hivyohivyo. Tena tuwe waungwana: fundi aliyefungua mashine za aina moja miaka nenda rudi anaposema "hii ni impela" (kile kigurudumu cha pampu kinachosukuma maji ya kupooza injini) hajabahatisha, ametambua. Amesikia mlio, ameona maji hayatoki kwa nyuma, akaunganisha. Anayenitia wasiwasi ni yule anayesema impela kwa kila mashine. Ukiamua kubahatisha, basi badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, jaribu, na kama hakuna mabadiliko rudisha cha zamani mahali pake. Ukibadilisha vitatu kwa mkupuo umejifungia mlango wa kujua.

Kukata nusu ni kinyume chake. Unaanza kwa kuuliza kitu kinasafiri kutoka wapi hadi wapi (mafuta, umeme, maji, hewa), halafu unapima katikati ya safari. Kama katikati kipo, nusu ya nyuma ni nzima na ugonjwa uko mbele. Kama hakipo, uko nyuma. Kisha unaikata tena ile nusu iliyobaki. Hesabu yake inatamanisha: sehemu 16 zinamalizwa kwa vipimo 4, na hata zikiwa 1,000 vipimo 10 vinatosha. Anayepima moja baada ya nyingine kuanzia mwanzo anaweza kufika ya 16 jua limezama.

Chukua injini ya petroli ya mtumbwi. Ili iwake inahitaji mafuta, cheche, hewa na mgandamizo. Badala ya kuchagua mmoja wa kumlaumu, ivute mara kadhaa kisha fungua plagi uitazame. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, nenda upande wa cheche. Ikiwa kavu kabisa, achana na cheche kwanza, fuata mafuta. Kwa kufungua plagi moja tu umeshapunguza nusu ya kazi, na hujanunua chochote.

Sasa fuata mafuta: tenki, mpira, kile kipira cha kupampu kwa mkono, chujio, pampu ya mafuta, kabureta. Katikati ya safari hiyo pana kipira, na kipira kinaongea kama unajua kukishika. Ukikibonyeza kikawa kigumu, mafuta yamefika na njia ya nyuma iko vizuri. Kikibaki laini daima, hewa inaingia mahali au vali yake imechoka. Kikiwa kimenywea na hakirudi, injini inanyonya lakini huko nyuma pameziba.

Hii ya mwisho niliishuhudia Igombe. Mashine inawaka vizuri, inakimbia kidogo, inazima. Ukisubiri inawaka tena. Tajiri, yaani mwenye mtumbwi, alishaambiwa anunue kabureta na alikuwa ameshatoa simu kumpigia muuza spea.

"Tajiri, subiri kidogo," fundi akamwambia. "Hebu shika hapa. Kipira kimenywea."

"Si ndiyo kabureta hiyo?"

"Kabureta iko mbele ya kipira. Hapa mafuta hayafiki kabisa. Tatizo liko nyuma, kwenye tenki."

Akalegeza kiskrubu cha hewa juu ya kizibo cha tenki. Hewa ikaingia kwa mlio mwembamba, kipira kikajaa chenyewe. Kile kiskrubu kilikuwa kimefungwa mafuta yasimwagike wakati tenki linabebwa, kikasahaulika. Mafuta yanapotoka bila hewa kuingia, tenki linaanza kuvuta kurudi nyuma mpaka injini inakosa. Ukisubiri, hewa kidogo inapenya, inawaka tena. Kabureta ingenunuliwa, na kwa kuwa wakati wa kuifunga tenki lingefunguliwa ili lijazwe, mashine ingewaka na kabureta mpya ingepewa sifa.

Kwenye sola kukata nusu ni rahisi zaidi, kwa sababu katikati kuna betri. Umeme unatoka paneli, unapita chaji kontrola (kifaa cha kudhibiti chaji), unaingia betri, unakwenda taa. Taa za dagaa hazidumu usiku? Saa sita mchana, jua likiwa kali, weka mita kwenye vichwa vya betri. Kwa betri ya asidi ya volti 12, ukisoma 13.5 au zaidi, chaji inaingia. Paneli na kontrola usiziguse. Ukisoma 12.3 mchana kweupe, hakuna kinachoingia, anza kupanda kuelekea paneli. Angalizo moja tu, maana hapa wengi hudanganyika: betri iliyochoka inaweza kuonyesha 12.6 ikiwa imepumzika, ukiwasha taa inaporomoka. Pima pia ikiwa na mzigo.

Udhaifu wa kukata nusu? Inataka hitilafu iwepo wakati unapima, na inapenda hitilafu iwe moja. Zikiwa mbili, utaikuta ya kwanza, utashangilia, na mashine haitawaka. Hapo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye kubahatisha. Usirudi. Kata tena.

Kuazima kwa jirani

Hii ni ndugu wa kubahatisha lakini ina akili zaidi, na mwaloni ina faida ambayo mtu wa mjini hana: mitumbwi kumi iliyopakiana mchangani, mingi ina mashine za aina moja. Huna haja ya kununua tenki ili ujue kama tenki lako ni bovu. Mwombe jirani lake, liunganishe, washa. Tofauti na kubahatisha ni kwamba unaweka kitu unachojua ni kizima, na unakirudisha hata kama kimeponya. Ni nzuri sana kwa mpira wa mafuta, tenki na plagi.

Usiazime kitu ambacho ugonjwa wako unaweza kukiua. Kama chaji kontrola yako inapitisha volti nyingi, taa ya jirani utakayoifunga "kujaribu tu" itaungua papo hapo, na sasa una hitilafu moja na deni moja. Pima volti kabla hujaazima.

Iko wapi, haiko wapi

Njia zote za juu zinachechemea pale hitilafu inapokuja na kuondoka. Mama anauza sangara na sato. Friza yake haigandishi vizuri jioni, asubuhi imerudi sawa. Fundi anakuja saa nne asubuhi, anaikuta inanguruma vizuri, anasema "gesi imepungua", anajaza, anaondoka na hela. Jioni yaleyale.

Hapa hutafuti kwa mita kwanza, unatafuta kwa maswali yanayokwenda mawilimawili. Inatokea jioni, mbona asubuhi haitokei? Inatokea kwangu, je, jirani upande huu wa barabara? Na wa ng'ambo? Ilianza lini, na kabla ya hapo nini hakikuwepo? Wamarekani wawili, Charles Kepner na Benjamin Tregoe, ndio walioipa njia hii mpangilio wake katika miaka ya 1950, lakini fikra yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1854 daktari John Snow aliitumia London wakati kipindupindu kinaua watu kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street. Kilichompa nguvu hakikuwa wagonjwa peke yao. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa karibu na pampu hawakuugua, kwa sababu walikunywa bia na walikuwa na kisima chao. Na mama mjane aliyeishi mbali, Hampstead, alikufa, kwa kuwa alikuwa akiletewa maji ya pampu ileile. Kwa msomaji wa kando ya ziwa, ambako kipindupindu si hadithi ya vitabuni, mfano huu hauhitaji maelezo.

Turudi kwenye friza. Kama inalegea jioni tu, na friza ya jirani wa laini hiyohiyo ya umeme nayo inalegea, na ya ng'ambo ya barabara iko sawa, gesi haina uhusiano. Gesi ya friza haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua maana yake imevuja, na iliyovuja hairudi yenyewe alfajiri. (Ndiyo maana pia kujaza gesi bila kuziba tundu ni kuilipia hewa.) Kilichobadilika jioni ni watu kuwasha vitu. Umeme wetu unatakiwa uwe karibu volti 230. Ukishuka sana kompresa inashindwa kuanza, inavuma, inajikata, inajaribu tena. Sasa ndipo mita inapoingia, saa moja usiku, kwenye soketi ileile. Ukiona volti imeporomoka, unachohitaji ni stebilaiza (kifaa cha kusawazisha volti) na kuripoti laini.

Gharama ya njia hii ni uvumilivu na daftari. Andika saa, hali ya hewa, nini kilikuwa kimewashwa, nani alitumia. Mafundi wengi hawaipendi kwa sababu siku ya kwanza hakuna cha kufungua, na mteja anaona halipii kazi bali analipia maswali. Mimi ningemlipa.

Inafaa pia majini. Mashine inapata moto ukipita eneo fulani tu, eneo lingine haipati? Tazama kama hapo pana magugumaji. Majani yakiziba matundu ya kuvuta maji kwenye mguu wa mashine, maji ya kupooza hayapandi, na ukitoka eneo hilo yanaweza kuchomoka yenyewe na ushahidi ukaondoka nayo.

Kwa nini mara tano, na mfupa wa samaki

Hizi mbili nimeziweka pamoja kwa sababu watu huzichukua mahali pasipo pake. Hazikuambii kipi kibovu. Zinakuja baada ya kujua, au pale ambapo hakuna kifaa cha kufungua.

"Kwa nini" mara tano inahusishwa na Sakichi Toyoda wa Japani, na mhandisi Taiichi Ohno aliieneza ndani ya viwanda vya Toyota. Impela imekatika. Kwa nini? Ilizunguka kavu na ikasaga mchanga. Kwa nini? Mashine ilikuwa inanguruma mtumbwi ukiwa umeshagusa kina kifupi. Kwa nini? Nahodha anaingia mwaloni kwa mashine mpaka mwisho. Kwa nini? Hakuna pondo mle ndani, limevunjika tangu zamani. Kumbe dawa ya impela ni mti mrefu. Ukinunua impela bila kununua pondo, utanunua impela nyingine. Tano si hesabu takatifu. Simama ukifika kwenye jambo unaloweza kulibadilisha. Ukiendelea mbele zaidi utafika kwenye serikali na hali ya uchumi, na mtumbwi bado umelala.

Ubovu wake ni kwamba inakwenda mstari mmoja, na mstari huo unachaguliwa na anayejibu. Uliza kwa nini samaki wamepungua ziwani. Mvuvi mdogo atakupeleka kwenye makokoro na nyavu haramu. Mwingine atakupeleka kwa sangara, aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960 na kuwamaliza furu wengi, samaki wadogo wa asili. Wa tatu atataja uchafu na mbolea zinazoingia na mito, wa nne magugumaji yaliyojitokeza mwishoni mwa miaka ya 1980. Wote wamejibu kwa mantiki, wote wamefika mwisho tofauti. Ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lililogawanywa na nchi tatu, halina sababu moja.

Hapo ndipo mfupa wa samaki, mchoro wa Mjapani Kaoru Ishikawa, unapostahili. Tatizo unaliweka kwenye kichwa, na kila mbavu ni kundi la sababu: watu, vifaa, utaratibu, malighafi, mazingira. Kwenye kikao cha BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) unasaidia kwa jambo moja kubwa, kila mtu anaona hoja yake imeandikwa na anaacha kupiga kelele. Lakini naona unasifiwa kupita kiasi. Nimeona mifupa mizuri imejaa ukutani na hakuna hata mbavu moja iliyopimwa. Ule mchoro ni orodha ya washukiwa, na kumpata mwizi bado kunadai njia zile za juu.

Sasa uchague ipi?

Ukiwa majini, usichague yoyote iliyo ndefu. Tia nanga, vaa jaketi, kisha kagua vichache vinavyofikiwa bila spana: skrubu ya hewa kwenye tenki, kipira, kamba ya kuzimia, majani kwenye mguu wa mashine. Kama una plagi ya akiba, badilisha. Hapo kubahatisha ni halali. Visipokubali, piga simu mapema kungali mchana, usisubiri mpaka umejaribu kila kitu.

Ukiwa mwaloni na mashine imekataa kabisa, kata nusu. Kama jirani ana mashine ya aina yako, azima ili uharakishe. Sola, pampu, mabomba, nyaya za nyumba: kata nusu pia, mita mkononi.

Ikiwa inakuja na kuondoka, usifungue kitu. Nunua daftari, jaza siku kadhaa, halafu uliza iko wapi na haiko wapi.

Na "kwa nini" mara tano? Wavuvi wa dagaa mnajua kwamba mbalamwezi ikikaa juu taa hazivutii kitu na mitumbwi inapumzika. Siku hizo ndizo zake. Wakati wa giza kila usiku ni fedha, utatengeneza haraka ili utoke. Mwezi ukijaa kaeni na daftari la mwezi mzima mtazame ni kitu gani kimebadilishwa zaidi ya mara moja, muanze kuulizia hicho.

Ukiwa hutengenezi mwenyewe bali unamwita fundi, mchague kwa swali moja kabla hajafungua boksi lake: "Fundi, tutajuaje kwamba ni hiyo?" Akijibu kwa kipimo, hata kidogo, hata cha kubonyeza kipira, mwache afanye kazi. Akijibu "niamini tajiri, hizi nazijua", muulize kama yuko tayari spea irudi dukani isipoponya.